Nyumba tulinunua, mjengo haujaisha, na aliyetuuzia ndiye alitusimamia harusi

Anti, habari yako. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi South B, na naomba usichapishe jina langu kwa sababu wengi wa watu wetu husoma hapa.

Mwaka jana mimi na mzee wangu tulinunua fleti ya vyumba vitatu kwa jengo la zamani, zile zilijengwa miaka ya 1980, ngazi za simiti, haina lifti, lakini vyumba ni vikubwa na shule ya watoto iko karibu. Tulinunua ikiwa imefanyiwa ukarabati. Aliyetuuzia ndiyo kazi yake, ananunua nyumba ikiwa imechoka, anavunja ndani, anaweka taili mpya, silingi ya jipsam, jikoni mpya, anapaka rangi halafu anauza. Sasa huyu mtu si mgeni kwetu. Alisoma na mzee wangu sekondari, na yeye na mke wake ndio walikuwa wasimamizi wetu wa harusi. Tukikosana nyumbani ni wao tulikuwa tunaita, na mara mbili tatu wametusaidia kweli, siwezi kukataa.

Bei ilikuwa Sh8.5 milioni. Kiasi ilitoka kwa Sacco, mamangu akatuongezea Sh600,000 baada ya kuuza kipande chake cha shamba, na kubwa ilikuwa mkopo wa benki ambao tutalipa hadi watoto wamalize chuo. Wakati tunapewa funguo kazi haikuwa imeisha. Kabati za juu jikoni hazikuwa na milango, bafu ya watoto ukuta mmoja haukuwa na taili, mlango wa kuteleza wa balkoni haukuwa umekuja, na soketi za jikoni zilikuwa waya tu zinaning'inia. Akasema wiki mbili. Tukakubaliana tukae na Sh400,000 mpaka amalize, na hii haiko kwa agrimenti ya mawakili, iko kwa WhatsApp, aliandika mwenyewe kwa mzee wangu, "hiyo 400 mkae nayo nikimaliza mtanipatia."

Mafundi walikuja kidogo wakaweka soketi, wakaweka mlango wa balkoni ambao haufungi vizuri, wakapotea. Sasa hayo ya kabati ningevumilia. Lakini mama mzee anayeishi chini yetu alinipigia akaniambia shuka uone. Anti, nilishuka. Silingi ya chumba chake cha kulala imekuwa na duara ya kahawia, rangi imefura halafu imepasuka, na amesukuma kitanda hadi kwa ukuta akaweka beseni mahali kitanda kilikuwa. Hakunigombanisha hata, aliniambia tu "mama, mimi nina arthritis siwezi kulala kwa unyevu." Nilitoka hapo nikashindwa hata kula. Ni maji kutoka bafu yetu ya masta.

Nikaita fundi wangu, akagonga taili za hiyo bafu na ufunguo, zingine unasikia kabisa chini kuko tupu, akasema ziliwekwa juu ya taili za zamani na hakuna kitu cha kuzuia maji kilipakwa. Akasema kung'oa na kufanya upya bafu hiyo moja ni kama Sh180,000. Halafu kuna stima. Shawa ya moto ya bafu ya watoto saa zingine ukigusa bomba inakushtua, si sana, lakini unasikia kabisa mkono umetetemeka. Nimewaambia watoto wazime kwanza ndio waguse maji.

Kamati ya jengo imetuandikia barua, tusiporekebisha hadi mwisho wa mwezi watatufungia maji. Aliyetuuzia tukimwambia anasema pesa yake yote imeingia kwa mjengo mwingine Kitengela, tumpe hiyo Sh400,000 arudishe mafundi, bila hiyo hana hata ya simiti. Mzee wangu anasema tumpe. Mimi nimekataa, nikimpa hatutamwona tena na mimi ndio nitabaki hapa na mama wa chini. Nikasema tutumie hiyo pesa tutafute mafundi wetu, mzee wangu akasema hiyo ni kula pesa ya mtu, tulikubaliana ni yake. Nikasema basi twende kwa wakili, akanyamaza, na akinyamaza huyo anaweza kunyamaza wiki. Ni kama amechagua rafiki yake kuliko nyumba yake. Msimamizi wangu, yule mama, naye siku hizi nikimwandikia naona amesoma na hajibu, na Jumapili tunakaa viti vya kufuatana.

Mwenzangu wa kazi ananiambia tumpeleke kortini, alitudanganya akijua. Dada yangu anasema tuiuze tu tuanze upya. Na mamangu anataka kuja tuiombee nyumba, kila mwezi naahirisha kwa sababu sitaki aone pesa ya shamba lake imeishia wapi. Tufanye nini? Tumpe hizo pesa, tujitengenezee, ama twende kwa wakili mimi peke yangu kama mzee hataki?

Mama Wawili, South B

---

Mwanangu Mama Wawili, pole sana. Nimesoma barua yako mara ya kwanza haraka, nikarudi nikaisoma polepole, na mahali nimekwama ni hapo kwa shawa. Hebu nianze na hapo kabla hata ya hayo mengine, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kungoja hadi wiki ijayo na hii haiwezi.

Ukimaliza kusoma hii sentensi inuka uende uzime swichi ya hiyo shawa kule kwa DB, lile sanduku la swichi kuu za stima ya nyumba, si ile ya ukutani tu, na uwaambie watoto inakaa imezimwa mpaka fundi aione. Waoge maji ya kuchemsha kwa sufuria kwa sasa. Kushtuliwa "si sana" maana yake ni stima inavuja mahali na siku hiyo ilipata njia ndogo tu, na mtoto akiwa amelowa mwili mzima amesimama kwa maji njia inaweza kuwa kubwa, watu wamekufa Nairobi hii kwa hizo shawa. Na kumwambia mtoto azime kwanza haitoshi, mtoto husahau. Zile shawa zinavuta stima nyingi, kilowati tano na zaidi, kwa hivyo zinataka waya wake mnene wa peke yake kutoka DB, zinataka arthi ya kweli, na inafaa kuwe na kile kifaa kinachokata stima chenyewe ikianza kuvuja. Jengo la miaka ya 1980 halikuwekewa waya za kubeba vitu kama hivyo, na mtu akikarabati akafunika ukuta na taili nzuri bila kubadilisha waya, wewe huwezi kujua. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia kawi, mwambie akuonyeshe hiyo leseni, apime nyumba yote, siyo shawa peke yake, kwa sababu waliokuachia soketi zikining'inia ndio hao hao walifunga hizo zingine. Akuandikie alichokipata. Hiyo karatasi utaihitaji tena huko mbele.

Sasa tupumue, turudi kwa barua yako.

Nikikuelewa, uko na mambo kama matatu yamejifunga pamoja hadi yanaonekana ni moja. Kuna kazi ambayo haikuisha, kabati na taili na mlango. Kuna kazi ambayo ilifanywa vibaya na imefunikwa, na hiyo ndiyo inamnyeshea mama wa chini. Halafu kuna urafiki, yule mtu aliyesimama na nyinyi kanisani, na mzee wako katikati. Na kwa vile yote yanatoka kwa mtu mmoja ukiongea juu ya moja unajikuta umeongea juu ya yote, unaanza na mlango wa kabati unamalizia na "umechagua rafiki yako." Ningekuwa mimi ningejaribu kuyatenganisha, hata kama ni kwa kichwa chako tu.

Tuanze na maji, kwa sababu kuna kitu nataka ujiulize. Umeniandikia "ni maji kutoka bafu yetu ya masta" na inawezekana kabisa ni kweli, fundi wako amegonga taili na amesikia utupu. Lakini taili kulia tupu inakuambia zimewekwa vibaya, haikuambii maji yanapita wapi. Kwa jengo la umri huo mara nyingi mabomba ya zamani ni ya chuma, yameliwa na kutu ndani ya ukuta, na lile bomba kubwa linalopanda kutoka chini hadi juu kulisha nyumba zote ni la jengo zima, si lako. Kama ni hilo linavuja, utang'oa bafu kwa Sh180,000, uweke taili upya, na beseni ya mama wa chini itaendelea kujaa. Ningeumia sana uniandikie hivyo miezi mitatu kutoka leo.

Kujua si kazi kubwa. Funga maji ya nyumba yako yote kwa valvu, usiku mmoja, halafu asubuhi shuka uulize mama kama imeendelea kudondoka. Ikiendelea vile vile hata kama hakuna maji yanaingia kwako, hapo kuna uwezekano mkubwa ni bomba la jengo. Ingawa simiti iliyoloa huendelea kutoa maji kidogo, kwa hivyo usikate maneno kwa usiku mmoja, rudia. Ikipungua, fungua maji lakini msitumie hiyo bafu kabisa, muogee kwa hiyo nyingine, uone. Ikidondoka bila mtu kuoga, ni bomba la kuleta maji ndani ya ukuta wako. Ikikauka, basi ni sakafu ama bomba la kutoa maji machafu. Na kutenganisha hayo mawili plamba huziba tundu la sakafu, anajaza maji ya kina cha vidole viwili hivi hadi kwa kizingiti, anaacha siku nzima, na chini mtu anaangalia. Ila kwa hali ya chumba cha huyo mama, muulize kwanza, mwambie itafanywa lini, usimshtukize na maji mengine juu ya kitanda.

Na watu wengi hudhani taili ndiyo inazuia maji. Haizuii. Maji hupita kwa ile grauti katikati ya taili kila siku ukioga, pole pole, kinachozuia ni ile dawa ama utando unaopakwa kwa simiti kabla ya taili, unapanda na ukuta kiasi, na unaingia hadi kwa tundu la maji. Kama taili mpya zimewekwa juu ya zile za zamani, na utando wa zamani kama ulikuwepo ni wa miaka arobaini, basi fundi wako ana hoja. Lakini nataka uwe na hakika, siyo kwa sababu simwamini, ni kwa sababu hiyo hakika ndiyo itakusaidia ukiongea na mzee wako, na kamati, na huyo rafiki, na hata wakili ikifika huko. "Fundi alisema" haina nguvu kama "tulifunga, tukapima, hii hapa ripoti na picha."

Hiyo barua ya kamati usiikimbie. Waandikie hata leo kwamba umeipokea, unapima maji yanatoka wapi, utawapa majibu tarehe fulani, na bafu ya masta imefungwa kwa sasa. Kamati nyingi zinataka tu kuona mtu hajakausha. Na uwaulize jambo moja, kama hati za jengo zimeshahamishwa kwa ile sheria ya umiliki wa fleti ya mwaka 2020, watu huiita ya sekshono taito, kwa sababu hiyo sheria inatenganisha nyumba yako na vitu vya pamoja kama paa, ngazi na mabomba makuu, na vya pamoja ni jukumu la ule muungano wa wenye nyumba kwa ile sevisi chaji mnalipa. Ikiwa bomba ni la pamoja, barua inageuka, wao ndio wanafaa kuja kwako na plamba.

Sasa Sh400,000. Hapa mwanangu sitakuambia mpe ama usimpe, maana kila njia iko na miiba yake, wacha tuitembelee.

Ukimpa yote, unavyoogopa ni kweli, pesa ikishaingia Kitengela haitajua njia ya kurudi South B. Hata kama ana nia nzuri. Mtu ambaye hana ya simiti huwa ana wengi wanaomdai, na wewe utakuwa mmoja kwa foleni. Lakini pia hebu angalia upande wake kidogo, kama kweli hana kitu, kumwambia "maliza kwanza" ni kumwambia kitu ambacho hawezi, na mnaweza kukaa hivyo hadi mvua ya Aprili. Kuna watu hukata katikati. Pesa haipiti kwake kabisa, mnakubaliana kazi gani inaanza, nyinyi mnanunua vifaa wenyewe na risiti inabaki kwenu, mnalipa mafundi kazi ikiisha ukiwa umeiona, na kila shilingi inatolewa kwa ile 400. Hatari ya hiyo ni kwamba mafundi ni wale wale walioficha taili chini ya taili. Unaweza kukubali wamalizie kabati na ukuta wa bafu ya watoto, lakini maji na stima ukatafuta watu wengine. Hilo ni la kuongea.

Ukitumia hiyo pesa kujitengenezea, utalala vizuri haraka na mama wa chini pia, lakini usifanye kimya kimya. Mzee wako akisema ni kula pesa ya mtu, usimwone ni mjinga, anakumbuka neno lililotolewa. Ila hilo neno lilikuwa na sharti ndani yake, "nikimaliza." Kwa hivyo kabla ya kugusa hata shilingi, mwandikie rafiki yenu, mzee wako aone huo ujumbe kabla haujaenda, na ikiwezekana autume yeye. Kitu kama, "Ndugu yetu, kazi hizi bado, hizi zimeharibika, picha ni hizi. Tunakuomba uje uone pamoja na plamba Jumamosi saa nne. Tukishindwa kukubaliana hadi tarehe hii, tutatafuta mafundi na tutatumia ile 400 tuliyobaki nayo, risiti zote utaziona, ikibaki kitu ni chako." Hapo humuibii, na pia humsubiri milele. Na mwiteni aje aone kabla taili hazijang'olewa, hii ni muhimu sana, kwa sababu zikishang'olewa ushahidi umeenda na takataka. Asipokuja, piga picha na video kila hatua, taili ya juu, taili ya chini, simiti, zikiwa na tarehe, na uwe na mtu mwingine hapo anayeona.

Wakili naye. Naomba uache kumwona wakili kama vita. Kwenda kuuliza si kushtaki. Kuna vitu nje ya uwezo wangu ambavyo wakili ataviona kwa dakika ishirini akisoma agrimenti yenu, mfano agrimenti nyingi za nyumba hapa Kenya husema mnunuzi amechukua nyumba jinsi ilivyo, na kama yenu inasema hivyo, swali linakuwa ile ahadi ya WhatsApp inasimama wapi, na vile vitu vilivyofichwa chini ya taili ambavyo hamngeweza kuviona vinasimama wapi. Hayo yana majibu lakini si ya kubahatisha. Enda kwa wakili ambaye hakuwa wa muuzaji. Na zile meseji msizifute, mzee wako asibadilishe simu saa hii, hizo zinaweza kukubalika kortini zikitolewa inavyotakiwa.

Mwenzako wa kazi anasema kortini. Sawa, ipo Korti ya Madai Madogo pale Milimani, inachukua madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na hata huhitaji wakili kusimama hapo. Shida yenu kwa hesabu inaingia hapo. Lakini kwa vile imetokana na kuuziwa nyumba, upande ule unaweza kuja kudai hiyo ni ya korti nyingine, ndio maana nasema uliza kwanza. Na kushinda kesi dhidi ya mtu ambaye hana pesa kunaweza kukupa karatasi nzuri tu. Pia jua huna haja ya kukimbizwa na mtu, madai ya mkataba sheria inakupa miaka sita. Kinachokukimbiza ni stima na beseni, na hizo mbili hazihitaji hakimu.

Kuna neno lingine umeliandika, kwamba alitudanganya akijua. Labda. Mimi simjui. Lakini wenye kukarabati nyumba hivi hupatia fundi kazi kwa jumla, fundi anapunguza mahali hapaonekani, na mwenye nyumba anakuja kuona taili zinang'aa analipa. Inawezekana alijua, inawezekana hakutaka kujua, inawezekana pia fundi alimpiga chenga na yeye. Nakuambia hivyo kwa sababu barabara utakayochukua inategemea unachokijua, na kwa sasa unajua kwamba ameshindwa kumaliza na anakwepa. Hilo la kudanganya bado ni la mwenzako wa kazi. Siku akija kuona taili ya chini ikitolewa, mwangalie, na umsikilize.

Dada yako anasema muuze. Sitakaa sana hapo. Utamuuzia nani nyumba inayovuja bila kumficha, na ukimficha utakuwa umefanya nini? Na mlishalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, hiyo peke yake kwa Sh8.5 milioni ni Sh340,000, na hairudi. Mnaweza kuuza siku moja mkitaka, lakini ikiwa imekauka.

Sasa mzee wako, na hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi. Umesema amechagua rafiki. Mwanangu, ulimuuliza? Maana mimi nikisoma naona mwanaume ambaye ndiye alimleta huyo muuzaji kwenye hii biashara, na pesa ya mama mkwe wake imo ndani, na kila ukitaja tundu la maji ni kama unamtaja yeye. Mwanaume wa hivyo akinyamaza huenda hatetei rafiki, huenda ana aibu ambayo hajui aiweke wapi. Naweza kuwa nimekosea kabisa, wewe unalala naye chumba kimoja mimi sijui hata sauti yake. Lakini jaribu siku moja watoto wamelala, bila kutaja 400, umuulize tu, "unaogopa nini kitatokea tukimwandikia?" halafu ungoje. Hata kama itachukua muda, ngoja. Huenda anaogopa kupoteza rafiki wa miaka mingi. Huenda kuna pesa nyingine kati yao hujui. Huenda hana jibu. Lolote atakalosema litakusaidia kuliko ule ukimya.

Na mpeleke chini kwa yule mama. Wewe umeona ile beseni, yeye je? Barua yako haisemi. Kama hajaona, mnabishana juu ya vitu viwili tofauti, wewe juu ya mgonjwa wa arthritis na yeye juu ya meseji.

Kwenda kwa wakili peke yako inawezekana, ni haki yako kuuliza, na kama jina lako liko kwa hati ni zaidi. Lakini akijua baadaye, nyumba itapona na kitu kingine kitavuja. Ningependelea umwambie, "mimi Alhamisi naenda kuuliza, tukienda pamoja nitafurahi, usipokuja nitakuja kukuambia kila kitu alichosema." Hapo hujamficha na hujamngoja.

Kwa kawaida ningesema itaneni wasimamizi wenu. Hiyo mlango imefungwa kwa sasa, na naona hilo linakuuma hata kuliko taili. Huyo mama asiyejibu, huenda naye ameambiwa na bwanake asijibu, huenda anaona aibu, na nyinyi wawili hamkuuziana chochote. Ukitaka, mwandikie ujumbe mmoja ambao hauna neno nyumba ndani yake. Asipojibu, umefanya yako. Kwa mambo ya pesa tafuteni mtu mwingine mnayemheshimu wote wanne, mzee wa kanisa ama rafiki wa zamani wa hao wanaume wawili, akae hapo siku ya kupima maji, asikie kila upande. Wanaume hawa walitoka shule moja, lazima kuna mtu wote wawili humsikiliza.

Mamako mwache aje. Alipouza shamba aliuza kwa sababu yako, si kwa sababu ya kabati. Mwambie kwa simu kwanza, kwa maneno machache, asije akashtukia, mwambie kuna kazi imebaki na tunaishughulikia. Wazee wetu wameona mijengo mingi iliyokwama, wa kwao haukuisha kwa mwaka mmoja pia. Na ukiacha kumficha utakuwa na mtu wa kulilia, saa hii ninaona huna hata mmoja.

Niandikie plamba akishapima, uniambie maji yalitoka wapi. Na kama mzee wako atakubali, muandike pamoja, nitapenda kumsikia na yeye.

Anti